Askari na Nuru Irudiyo: Vipimo vya Kuonekana na Kutoonekana

Wahenga walisema, mwenye macho haambiwi tazama. Kwa mambo mengi ya maisha msemo huo ni wa kweli. Lakini katika kazi ya askari, awe wa jeshi au wa polisi, limo jambo moja ambalo hata mwenye macho makali hana budi kuambiwa, tena mara nyingi, kwa sababu macho yake mwenyewe humdanganya. Jambo hilo ni kiasi cha nuru kinachorudi kutoka katika nguo yake, buti zake, silaha yake na gari lake.

Na tuchukue usiku mmoja na askari wawili. Wa kwanza ni askari wa usalama barabarani. Lori la masafa marefu limeharibika kwenye kona ya barabara kuu itokayo Mombasa kupitia Kampala hadi Kigali. Dereva ameweka matawi ya miti nyuma ya lori, kama ilivyo desturi ya njia hiyo, na askari wetu amesimama kando ya matawi hayo akiyaashiria magari yapunguze mwendo. Wa pili ni mwanajeshi wa doria. Amelala kifudifudi juu ya kilima, akiuchunga mto ambao adui huenda akauvuka kabla ya alfajiri. Wa kwanza anaomba aonekane. Wa pili anaomba asionekane. Dua zao zinapingana, lakini majibu yake yanatoka mahali pamoja: ni nuru kiasi gani inayorudi kutoka mwilini mwake, inarudi upande gani, na ni ya rangi gani.

Maswali hayo matatu hujibiwa kwa tarakimu. Vipo vyombo vya kuyapimia, na zipo kanuni za kimataifa zinazotaja viwango vyake. Madhumuni ya makala haya ni kueleza vipimo hivyo kwa lugha ya kambini, ili kila askari ajue ni kwa nini anakatazwa hiki na kuamriwa kile.

MASWALI MATATU YA NURU

Nuru inapoangukia kitu, sehemu yake humezwa na kugeuka joto, na sehemu nyingine hurudi. Kipimo cha kwanza ni kiasi kinachorudi, nacho huitwa uakisi. Kitu ambacho kingerudisha nuru yote kingepewa 100 kwa mia, na ambacho kingeimeza yote kingepewa sifuri. Theluji mpya, kama ile iangukayo kwenye vilele vya Ruwenzori na Kilimanjaro, hurudisha sehemu 80 hadi 90 kwa mia. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe safi hurudisha kiasi cha 80. Nguo nyeusi nyingi hurudisha chini ya 5. Mwaka 2014 Waingereza walitangaza utando mweusi uitwao Vantablack, ambao humeza sehemu 99.965 kwa mia, hata kitu kilichopakwa utando huo huonekana kama shimo.

Kipimo cha pili ni mng'aro. Karatasi nyeupe na kioo cha kujitazamia vyote viwili hurudisha nuru nyingi, lakini hakuna awezaye kunyolea ndevu mbele ya karatasi. Karatasi huitawanya nuru kila upande. Kioo huirudisha kwa mkupuo upande mmoja, kama mpira urukao ukutani. Kwa hiyo vitu viwili vyaweza kuwa na uakisi sawa, na bado kimoja kikamchoma adui macho kutoka mbali ilhali kingine hakimshtui mtu.

Kipimo cha tatu ni rangi. Nuru ya jua ni mchanganyiko wa miali mingi, kama tuonavyo katika upinde wa mvua. Miali hiyo hutofautiana kwa urefu wa mawimbi yake. Jicho la binadamu huona vizuri mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Jani ni la kijani kwa sababu hurudisha zaidi mawimbi ya katikati, na kumeza mengi ya upande wa buluu na upande wa wekundu.

KWA NINI JICHO HALITOSHI

Jicho limeumbwa litulinde, halikuumbwa lipime. Mchukue mtu umwonyeshe safu ya vitambaa kuanzia nyeupe hadi nyeusi, umwombe achague kile kilicho katikati kabisa. Atachagua kitambaa cha kijivu kinachorudisha sehemu 18 kwa mia. Hesabu ingesema 50, lakini jicho husema 18. Wapiga picha wanaifahamu siri hii, ndiyo maana hutumia kadi ya kijivu ya kiasi hicho kurekebishia kamera zao. Askari anayekadiria kwa jicho kuwa kitambaa fulani kina weupe wa nusu ya kingine, basi, huwa amekosea sana bila kujua.

Tena jicho hufuata mazingira. Shati la kijivu mbele ya ukuta mweusi huonekana jeupe, na lile lile mbele ya ukuta mweupe huonekana jeusi. Tena hufuata taa. Akina mama wanunuapo kitambaa hawakubali kukiangalia chini ya taa ya dukani peke yake, bali hutoka nacho hadi mlangoni wakakitazama juani. Wana haki kabisa. Vitambaa viwili vyaweza kufanana kama mapacha chini ya taa moja, na kutengana wazi chini ya nyingine, kwa kuwa vilitiwa dawa za rangi tofauti. Hilo ndilo linalotokea gwarideni, pale kombati za shehena mbili, zilizoonekana sawa zilipokuwa ghalani, zinapotoka juani moja ikaelekea uhudhurungi na nyingine ubuluu.

Kutokana na udhaifu huo, wataalamu walitafuta jicho lisilo la mtu mmoja. Katika miaka ya 1920 Waingereza wawili, David Wright na John Guild, kila mmoja kwa majaribio yake, waliwakalisha watu mbele ya vyombo na kuwataka wachanganye nuru nyekundu, kijani na buluu mpaka zilingane na rangi waliyoonyeshwa. Wright alitumia watu 10, Guild watu 7. Kwa macho ya watu hao 17, Tume ya Kimataifa ya Mwanga, ilipokutana Cambridge mwaka 1931, ilitangaza jicho la kielelezo ambalo ulimwengu unalitumia mpaka leo kwa kupimia rangi. Mwaka 1976 tume hiyo ikatoa utaratibu wa kuiandika kila rangi kwa tarakimu tatu: moja ya weupe na weusi, moja ya wekundu na ukijani, na moja ya umanjano na ubuluu. Tofauti ya kiasi cha 1 katika utaratibu huo ni ndogo mno, na macho mengi huanza kuigundua hapo tu.

Nacho chombo cha kupimia kikapatikana. Profesa Arthur Hardy wa Marekani alitengeneza mashine ya kuchora mstari wa uakisi wa kitu kwa kila wimbi la nuru, nayo ikaanza kuuzwa mwaka 1935. Ilikuwa mashine kubwa ya maabara. Siku hizi kipo chombo kinachoshikwa mkononi. Hukandamizwa juu ya kitambaa, humulika mara moja, na kutoa hesabu ya uakisi kila baada ya nanomita 10 kutoka 400 hadi 700, yaani hesabu 31. Kabla ya kazi, chombo huwekwa juu ya kigae cheupe chenye kipimo kinachojulikana, kama vile bunduki inavyolengwa shabaha kabla ya kupelekwa vitani.

KARO ILIYOLIPWA KWA DAMU

Majeshi yalijifunza somo la rangi kabla ya vyombo hivyo, na karo yake ilikuwa kubwa. Kwa muda mrefu askari wa Ulaya walivaa rangi kali, kwa sababu katika moshi wa baruti ya zamani ilikuwa muhimu jemadari awatambue watu wake. Waingereza walivaa makoti mekundu. Vita vya Ginnis, kaskazini mwa Sudan, tarehe 30 Desemba 1885, huhesabiwa kuwa vya mwisho ambavyo walipigana wakiwa wamevaa makoti hayo. Baruti isiyo na moshi na bunduki za masafa marefu zilikuwa zinakuja, na mtu mwekundu katika nyika alikuwa shabaha iliyotundikwa.

Badala yake ikaja kaki. Neno hili, ambalo sisi tumelizoea kama jina la sare yenyewe, asili yake ni Kiajemi na Kiurdu, na maana yake ni rangi ya vumbi. Kikosi cha waongoza njia kilichoundwa na Harry Lumsden huko Peshawar mwaka 1846 ndicho kilichotangulia kuvaa nguo za rangi hiyo katika jeshi la Waingereza la India. Kufikia Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, jeshi zima la Waingereza huko Afrika Kusini lilikuwa limevaa kaki.

Wafaransa walichelewa. Agosti 1914 askari wao wa miguu waliingia katika Vita Vikuu vya Kwanza wakiwa na suruali nyekundu, mbele ya bunduki za rashasha. Mwaka 1915 sare hiyo ilibadilishwa ikawa ya buluu iliyofifia. Mwaka huo huo jeshi la Ufaransa liliunda kikosi maalumu cha wachoraji chini ya Guirand de Scévola, kazi yao ikiwa ni kuficha mizinga na mahandaki kwa rangi na maturubai. Kutokana na kikosi hicho neno kamuflaji likaenea katika majeshi ya ulimwengu.

BUTI ZA GWARIDE NA BUTI ZA PORINI

Rangi ikishapatikana, hubaki mng'aro, na hapa ndipo askari wengi hujikwaa, kwa kuwa tumelelewa tukiupenda. Nilipokuwa mwanafunzi wa uofisa, sajini aliyetufundisha gwaride alikuwa na desturi ya kuinama juu ya buti la mwanafunzi. Asipoiona sura yake mwenyewe ndani ya ngozi, mwanafunzi huyo aliuzunguka uwanja akikimbia. Majuma machache baadaye tulipelekwa porini, na sajini yule yule akatuamuru tuzipake tope buti zile zile. Tulinung'unika moyoni. Siku ya tatu wenzetu walioigiza adui walitugundua ng'ambo ya bonde, ingawa tulijifunika majani vizuri. Kilichotusaliti ni kioo cha saa ya mkononi ya mmoja wetu, kilichopigwa na jua la saa kumi na moja jioni. Katika mazoezi tulichekwa. Katika vita tungezikwa.

Mng'aro nao una kipimo chake. Katika miaka ya 1930 Richard Hunter, akifanya kazi katika idara ya vipimo ya serikali ya Marekani, alieleza kwa utaratibu aina za mng'aro na namna ya kuzipima. Chombo chake ni chepesi kukifahamu: huimulika sehemu kwa pembe maalumu, na upande wa pili hupokea nuru inayoruka kwa pembe hiyo hiyo. Kielelezo ni kioo cheusi kilicholainishwa vizuri, ambacho hupewa alama 100. Kwa pembe ya nyuzi 60 kioo hicho hurudisha sehemu 10 tu kwa mia za nuru, kwa hiyo kioo cha kujitazamia, ambacho hurudisha karibu nuru yote, hufika alama 1,000 hivi. Rangi ya gari jipya la kiraia huwa karibu na alama za kioo cheusi. Rangi ya gari la vita hutakiwa iwe karibu na sifuri.

Pembe zinazotumika ni tatu, zikihesabiwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya kitu: nyuzi 20 kwa vitu ving'aavyo sana, 60 kwa vitu vya kawaida, na 85 kwa vitu vilivyofifia. Pembe ya 85 ni nuru iliyo karibu kulala juu ya kitu. Askari yeyote aliyewahi kuendesha gari akielekea jua linalozama anaifahamu. Lami ambayo adhuhuri ilikuwa nyeusi bila mng'aro hata kidogo, jioni huwaka kama maji ya ziwa. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu: nuru ikija kwa kulala, hata kitu kilichofifia hung'aa. Na alfajiri na jioni ndizo saa ambazo vikosi vingi husogea, na ndizo saa ambazo mlinzi wa upande wa pili hufungua darubini yake.

Yafaa basi tufahamu yanayoongeza mng'aro bila sisi kukusudia. Rangi ya gari la vita hufifizwa kwa unga mwembamba sana unaofanya uso wake uwe na vijivimbe visivyoonekana kwa macho. Dereva mwenye bidii akiisugua kwa nta au mafuta ili imfurahishe mkubwa wake, huvijaza na kuvilainisha vijivimbe hivyo, na kazi ya kiwanda ikapotea. Wanga na pasi ya moto hulaza nyuzi za kombati na kuifanya ing'ae. Ngozi ya uso wa binadamu, iwe nyeusi iwe nyeupe, hung'aa kwa mafuta yake ya asili na jasho, ndiyo maana hata askari mweusi tititi hupakwa rangi za usoni kabla ya doria. Jeshi la nchi kavu la Marekani lilipoleta kombati mpya mwaka 2005, liliagiza zisitiwe wanga, na buti zake zikawa za ngozi yenye manyoya mafupi ambayo haipigwi kiwi hata kidogo.

Sisemi kwamba usafi na nidhamu ya gwaride ni bure. Buti ling'aalo ni heshima ya askari mbele ya wananchi na mbele ya bendera. Ninachosema ni kwamba yapasa ziwe buti mbili na kombati mbili, kila moja na mahali pake, na mkaguzi ajue anakagua ipi.

NURU AMBAYO JICHO HALIIONI

Mpaka hapa tumesema juu ya nuru inayoonekana. Kupita nanomita 700 kuna miali ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini vyombo huiona. Vifaa vingi vya kuonea usiku vinavyokuza mwanga wa nyota hufanya kazi mpaka karibu nanomita 900. Katika nuru hiyo jani lililo hai hubadilika kabisa. Kijani chake cha uhai, kinachomeza nuru nyekundu, huacha kumeza ghafla kati ya nanomita 680 na 750, na tishu za ndani ya jani huitawanya nuru na kuirudisha. Jani lililorudisha sehemu 10 hivi tu za nuru ya kijani hurudisha hadi 40 au 50 kwa mia za infraredi. Msitu uonekanao wa giza mchana, katika kifaa cha usiku huwa mweupe.

Jambo hili lilitumika katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kampuni ya Kodak ilitengeneza filamu ya kupigia picha kutoka ndegeni, iliyokusudiwa kufichua vitu vilivyofichwa. Katika picha zake majani yaliyo hai yalitoka mekundu, na turubai lililopakwa kijani cha kawaida lilitoka katika rangi ya buluu. Jicho la rubani lilisema vyote viwili ni kijani, filamu ikasema kimoja ni uongo. Hata matawi yaliyokatwa hupoteza wekundu huo kadiri yanavyonyauka, ndiyo sababu majani ya kujifichia yapaswa kubadilishwa kila mara.

Kutoka hapo majeshi yalianza kudai kwamba rangi na vitambaa vipimwe pia katika infraredi. Unga wa oksidi ya kromi hutumika katika rangi za kijani za kijeshi kwa kuwa hupanda katika infraredi kwa namna inayokaribia jani. Kombati iliyotiwa rangi hovyo yaweza kulingana na majani machoni mwa mnunuzi, na usiku ikaonekana kama shuka jeupe, au kama doa jeusi katikati ya msitu mweupe. Mnunuzi hawezi kulijua hilo kwa kukishika kitambaa na kukitazama. Hulijua kwa kipimo tu.

Hata sabuni ina sehemu yake. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo, ambayo humeza miali ya urujuanimno isiyoonekana na kuitoa tena kama nuru ya buluu. Shati jeupe la ofisini hupendeza kwa dawa hiyo. Kombati iliyofuliwa nayo miezi kadhaa huonekana nyangavu kuliko majani yaliyoizunguka wakati wa mapambazuko, na chini ya taa ya urujuanimno huwaka. Kombati ya porini ifuliwe kwa sabuni isiyo na dawa hiyo.

ASKARI ALIYE BARABARANI

Sasa turudi kwa askari wetu wa kwanza, aliye kando ya lori lililoharibika. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja na nusu kutambua hatari na kukanyaga breki, mita 33 zimekwisha kabla gari halijaanza kupungua mwendo. Hata barabara ikiwa kavu na breki nzuri, huhitaji jumla ya mita 70 hivi kusimama. Askari aliyevaa sare ya rangi nzito, irudishayo sehemu 5 kwa mia, hawezi kutegemea taa hafifu za gari kumtangaza umbali huo.

Kinga yake ni kizibao cha kuakisi mwanga, nacho kina vitu viwili vinavyofanya kazi kwa kanuni mbili. Kitambaa chake cha manjano au rangi ya chungwa ni cha mchana. Dawa yake hugeuza miali ya urujuanimno na ya buluu kuwa nuru ya manjano au chungwa, hivyo nguo hutoa nuru ya rangi hiyo zaidi ya iliyopokea. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 2013 inadai kitambaa cha manjano kiwe na ung'avu usiopungua sehemu 70 kwa mia ya ule wa kitu cheupe kamili. Usiku, chini ya taa za gari, dawa hiyo haisaidii sana, kwa kuwa taa hizo zina urujuanimno kidogo.

Usiku hufanya kazi zile kanda za fedha, ambazo upana wake usipungue milimita 50. Ndani yake mna shanga za kioo ndogo kama vumbi, nyuma yake zikiwa na utando wa kioo cha kujitazamia. Nuru huingia katika shanga, hupinda, hupiga utando, na kurudi kule kule ilikotoka. Ni kanuni ya jicho la paka, ambayo Mwingereza Percy Shaw wa Yorkshire aliitumia kwa vioo vya katikati ya barabara mwaka 1934. Kwa kuwa nuru yote hurudishwa kwa yule aliyeituma, nguvu yake ni ya ajabu. Kanda mpya hutakiwa irudishe kandela 330 kwa kila laksi na kila mita ya mraba. Kitambaa cheupe kabisa, kinachotawanya nuru kila upande, hakifiki hata nusu ya kandela moja. Kwa hiyo dereva huiona kanda kwa nguvu ipatayo mara 1,000 ya nguo nyeupe.

Kipimo hicho huchukuliwa nuru ikirudi kwa pembe ya sehemu 2 za kumi za nyuzi moja. Pembe hiyo ina maana barabarani: macho ya dereva wa gari dogo yako juu ya taa zake kwa sentimita 70 hivi, na akiwa umbali wa mita 200, hiyo ndiyo pembe kati ya taa na macho yake. Dereva wa lori hukaa juu zaidi ya taa zake, kwa hiyo hupata nuru kidogo zaidi kutoka katika kanda ile ile. Askari alikumbuke hilo: lori, ambalo ndilo zito kusimama, ndilo linalomwona kwa shida.

Na kanda huzeeka. Kufuliwa, kukunjwa, tope na jua huipunguza, na kitambaa cha manjano hufifia juani. Kanuni inakubali kipimo kishuke hadi 100 baada ya majaribio ya uchakavu, wala si chini ya hapo. Kizibao kilichopauka bado hutambulisha kazi ya mtu mchana, lakini usiku kinaweza kuwa nguo ya kawaida tu, na aliyekivaa akadhani amelindwa. Udanganyifu huo ni hatari kuliko kutokuwa nacho.

Vile vile, kizibao kinachomwokoa askari barabarani humsaliti anapoacha barabara na kuwanyemelea majambazi porini, kwa maana hurudisha mwanga wa tochi yao machoni mwao. Kivaliwe na kuvuliwa kwa amri, kama silaha inavyopakiwa na kupakuliwa.

YAWEZEKANAYO KIKOSINI

Vyombo nilivyovitaja ni vya ghala kuu, kiwanda na idara ya viwango. Huko ndiko shehena za nguo na rangi ziangaliwe kwa tarakimu kabla ya kupokelewa, na mkataba utaje rangi, mng'aro na uakisi wa infraredi kwa hesabu, pasiwe na maneno kama "kijani kizuri". Mwenye kuleta mali pungufu hatapata pa kujifichia.

Lakini kikosi kisicho na chombo kinaweza kufanya mengi. Kizibao kitundikwe usiku umbali wa hatua 30, pembeni yake kipya cha kulinganishia. Tochi ishikwe kando ya jicho, kwenye kipaji, kisha vitazamwe vyote viwili. Kilichofifia wazi kiondolewe kazini. Tochi isishikwe kiunoni, kwa maana kanda huirudishia nuru tochi yenyewe, na aliyesimama wima asiione vizuri. Kombati za shehena mpya zitazamwe juani, kivulini na chini ya taa, zikiwa kavu na zikiwa zimeloa, kwa sababu kitambaa kilicholowa huwa cheusi zaidi. Palipo na kifaa cha kuonea usiku, zitandazwe juu ya nyasi na zitazamwe nacho. Kabla ya doria, kila askari amtazame mwenzake jua likiwa chini, nyuma ya mtazamaji, na kila king'aacho kifunikwe: saa, bakuli, kifungo, miwani, kioo cha gari. Wala asijisahau mtu kwamba zipo kamera zinazoona joto la mwili, ambazo rangi peke yake haiwezi kuzizuia. Hilo ni somo jingine.

Askari wa kilimani na askari wa barabarani hawataonana usiku ule. Lakini wote wawili wamevaa nguo ambazo mtu fulani ghalani alizipokea na kuzitilia sahihi. Kama alipima, mmoja atauona mto mpaka asubuhi bila kuonekana, na mwingine ataonekana mita mia mbili kabla ya lori kumfikia. Ndugu mtunza ghala, ndugu kamanda, ndugu askari: usiku wa leo, kabla ya zamu kutoka, chukueni tochi mvitazame vizibao na kombati zenu.